Samli Kwenye Ambreyaji

Samli ikiungua huanza kwa utamu. Hunukia kama sherehe ya jirani, kisha utamu ule huvunjika ghafla, ukaja ukali unaopanda puani na kukaa nyuma ya macho. Jirani yangu wa sasa huisahau samli jikoni karibu kila juma, na kila mara mimi huacha ninachofanya nikasimama dirishani. Nyumbani kwangu wanadhani nina tamaa ya pilau ya watu. Ninyi nitawaambia ukweli, maana hata mkicheka sitawasikia: hapo mimi sinusi jikoni. Nanusa jipu la rangi ya majani makavu, limekwama katikati ya mlima, na baba yangu ameushika usukani kwa mikono miwili kana kwamba anamzuia mtu asianguke.

Ilikuwa Gisenyi, mji wa ziwani mpakani na Goma, katika miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tulikaa mtaa wa Waswahili, katika nyumba ya udongo yenye ua wa mawe meusi ya volkano, mawe yaliyokula visigino vya watoto wote wa mtaani. Asubuhi upepo wa ziwa ulituletea harufu ya sambaza, dagaa wa kwetu, walioanikwa, mchana harufu ya kahawa. Baba, Ramazani, alikuwa fundi msaidizi katika shamba la kahawa la mzungu ambaye kila mtu alimwita Bwana Miwani. Fundi msaidizi maana yake ni mtu anayelala chini ya gari, huku sifa zikilala kwa mwingine. Mwaka ule yule mwingine, fundi mkuu, alikuwa amerudi kwao Ulaya, na garaji ya shamba ikabaki bila kichwa.

Ndipo ambreyaji ya jipu ilipokufa. Ambreyaji ndiyo wengine wanayoiita klachi. Ndani yake mna sahani ya duara inayobanwa nyuma ya injini: ikibanwa, nguvu huenda magurudumuni, ikiachiwa, gari hupumua na dereva hubadili gia. Kinachoifanya iachie ni beringi moja ndogo ambayo baba aliiita rulma, kama mafundi wote wa kwetu. Sahani ya jipu lile ilikuwa imelika mpaka misumari yake inaonekana, na rulma ililia kila pedali ilipokanyagwa, kilio chembamba kama cha mwanambuzi aliyefungiwa ndani.

Bwana Miwani alitaka jipu livutwe na lori mpaka Goma, kwa mafundi wa kizungu. Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akijisifu hata kwa kikombe cha chai alichojipikia, alivua kofia.

"Patron, mi naweza."

"We? Kushusha giaboksi?"

"Nipe sahani mupya na rulma mupya. Ile ingine yote iko mikononi."

Bwana Miwani aliondoa miwani, akaifuta, akairudisha. "Bon. Jipu ikipanda mulima ya Nyakiriba na magunia manne ya kahawa, garaji iko yako, na nyumba ya garaji iko yako. Ikishindwa, donc, usiniambie tena hiyo neno, naweza."

Nyumba ya garaji ilikuwa na sakafu ya saruji. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu siku chache tu zilizopita, na baba aliporudi na habari ile, alisimama nje ya dirisha la chumba cha uzazi akamwambia mama kwamba mtoto huyu atatambaa juu ya saruji. Mama alilia kidogo. Kisha akauliza kama saruji hiyo imepasuka. Baba akasema imepasuka mahali pamoja tu, penye mlango.

Baba alisemea nje ya dirisha kwa sababu ndani alikuwamo Nyogokuru.

Huyu alikuwa mama yake mama; Nyogokuru ni bibi kwa Kinyarwanda. Alikuwa ameshuka kutoka Nyakiriba, kwenye vilima vya juu ya mji, kuja kumlea bintiye kwa zile siku arobaini. Aliteremka na fimbo, mkeka, na kibuyu cha samli ya ng'ombe, ile ya kujipaka, iliyochanganywa na majani ya porini. Harufu yake ilikuwa nzito, chachu kidogo, na baada ya siku mbili ilikuwa ndiyo harufu ya nyumba yetu. Mtoto alinukia samli, mama alinukia samli, mimi pia. Hata kanzu ya baba ya Ijumaa, iliyotundikwa ukutani, ilinukia kama zizi lenye maua.

Na baba na Nyogokuru hawakusemezana. Msidhani ni ugomvi. Ilikuwa heshima. Mama mkwe hatazamwi usoni, hakaliwi naye chumba kimoja, haulizwi swali ana kwa ana. Akipita njiani, mkwe huacha njia akaingia kwenye nyasi. Kuna watu wa mjini waliokuwa wamekwisha kuyaacha hayo, ila baba aliyashika kwa nguvu maradufu. Alijua alivyomwoa mama akiwa mtu wa mjini, Mwislamu, bila ng'ombe hata mmoja, mwenye mikono isiyotakata hata siku ya harusi. Kila jioni alimwachia Nyogokuru kipande cha tumbaku kwenye kizingiti, akaenda zake kabla kizee hakijatoka kukichukua. Hivyo ndivyo walivyosalimiana.

Maneno yao yote yalipita kwa mama. Mama alipolala uzazini, yakaanza kupita kwangu.

Mama alinifundisha kazi hiyo akiwa kitandani. "Zaina, neno la baba yako kabla hujalipeleka kwa mama yangu, lioshe kwanza. Na la mama yangu pia. Neno la mkwe halipelekwi na matope yake. Na usianze kamwe na hapana."

Nami niliosha. Ee, niliosha vizuri! Baba akisema, "Mwambie maharage ya leo yalikuwa na chumvi ya kutosha ng'ombe kumi," mimi nilimfikishia Nyogokuru, "Baba anashukuru sana kwa maharage." Nyogokuru akisema, "Mwulize huyo mtu wa magari kama usiku ndiye anayekoroma au ni fisi ameingia uani," mimi nilimfikishia baba, "Nyogokuru anauliza kama umelala salama." Baba alitabasamu, Nyogokuru alitabasamu, na mimi katikati yao nilijiona mtu mkubwa kuliko chifu. Katika siku kumi za kwanza, nadhani, walianza kupendana, yaani kila mmoja alianza kumpenda mtu niliyemtengeneza mimi.

Jipu lilisukumwa mpaka uani kwetu na wanaume sita, kwa sababu baba hakutaka wasaidizi wengine wa garaji wamtazame akijifunza. Aliliinua juu ya magogo ya mikaratusi. Alitoa bamba la sakafuni, akafungua shafti ya mbele na ya nyuma, akazifunga boliti katika vitambaa kila moja na pacha wake. Kushusha giaboksi alimwita jirani yetu Athumani, fundi cherehani, mtu mnene mwenye futi ya kitambaa shingoni hata msikitini. Giaboksi lilishuka likiwa limening'inia kwa kamba, na Athumani chini yake akilipokea kwa tumbo.

"Ramazani! Hii kitu iko na uzito wa mama mkwe!"

"Nyamaza, iko ndani anasikia."

"Hasikii Kiswahili."

"Anasikia sauti yako. Inatosha."

Sahani mpya na rulma mpya zilifika kwa meli kutoka Bukavu, zimeviringwa katika magazeti ya Kifaransa. Baba alizifungua juu ya meza kama mtu anayefungua barua. Alinipa rulma niishike. Ilikuwa nzito, imejaa, inazunguka bila sauti. Akaniambia niitazame vizuri kwa sababu watu wengi huiua kwa usafi: huiosha kwa petroli kama wanavyoosha vyuma vingine, wakaondoa grisi iliyozaliwa nayo tumboni. Kisha akaigusa sahani kwenye ukingo tu, kwa ncha ya kidole. Ilikuwa ya kijivu, kavu, yenye uso wa kukwaruza. "Huyu naye kinyume chake," alisema. "Huyu anaishi mukavu. Tone moja la mafuta, na amekufa. Anashika kwa sababu ni mukavu."

Nilielewa. Nataka mlijue hilo kabla hatujaendelea. Nilielewa kila neno.

Kesho yake baba alihitaji spana ambayo haikuwapo Gisenyi nzima. Aliamua kuvuka kwa miguu mpaka Goma, kwa rafiki yake, aiazime. Uani kulikuwa na kuku, vumbi jeusi na watoto wa mtaa, kwa hiyo hakutaka kuacha vitu vile nje. Rulma aliitia mfukoni mwa koti, akaondoka nayo, sijui kwa nini, labda kwa furaha tu. Sahani alinipa mimi, ndani ya gazeti lake, mikono yangu ikiwa imeoshwa kwa sabuni mara mbili.

"Peleka chumbani, weka juu ya sanduku la mama yako. Mwambie Nyogokuru: hii kitu haiguswi. Hapana maji, hapana mafuta, hapana mutoto, hapana mutu. Mpaka nirudi. Ninamwachia yeye, siachi kwa mwingine."

"Nimesikia, baba."

"Sema tena."

Nikasema tena, neno kwa neno. Akaondoka akipiga mluzi.

Hatua kutoka uani mpaka chumbani zilikuwa kama ishirini. Nimezipiga tena mara nyingi maishani mwangu, hatua hizo ishirini. Mama alikuwa amelala. Nyogokuru alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooka, mtoto kalala juu ya miundi yake uchi, tayari kuogeshwa. Aliinua uso akaniangalia na yale macho yake yaliyokuwa yakisubiri kitu tangu siku alipofika. Na mimi nilikuwa na ujumbe wenye hapana nne.

Nilianza kuuosha. Niliiondoa hapana ya kwanza, nikaona ya pili ni mbaya zaidi. Je, bibi ataambiwa asiguse, katika chumba anacholala yeye, kama mwizi? Nikaziondoa zote. Kilichobaki kilikuwa kifupi mno, kikaonekana uchi, nikakivisha. Nikasema, kwa Kinyarwanda changu cha mjini: "Baba anasema anakuachia wewe kitu hiki, kwa sababu hamwamini mwingine. Anakuomba umtunzie kama mtoto huyu."

Nyogokuru alishusha macho kwa mtoto, akayapandisha kwenye gazeti.

"Amesema hivyo? Yeye?"

"Amesema hivyo."

"Kama mtoto huyu?"

"Kama mtoto huyu, Nyogokuru."

Alinyoosha mikono miwili akaipokea sahani ile kwa namna inavyopokewa zawadi kwao, mkono wa kushoto ukiushika wa kulia. Mimi nikachukua ndoo nikaenda ziwani kuchota maji, nikiimba.

Niliporudi mtoto alikuwa amekwisha kuogeshwa na kupakwa, anang'aa kama kokwa ya parachichi, amelala. Kando yake, juu ya kanga safi, ilikuwa sahani ya jipu. Nayo iling'aa. Nyogokuru alikuwa anaimalizia upande wa pili kwa kiganja, polepole, akiufuata ule mduara, akiingiza kidole penye vitundu vya misumari kama anavyoingiza nyuma ya masikio ya mtoto.

"Ilikuwa imepauka, maskini," alisema. "Kitu kilichopauka hivyo watu watasema hakina kwao. Mwambie baba yako nimeipaka samli ya juu, ile niliyoleta kwa ajili ya mwanangu. Sasa inaonekana ina kwao."

Ndoo ilinitoka mkononi. Maji yakaenda mpaka chini ya kitanda, Nyogokuru akacheka akaniita mlevi wa ziwa.

Hapo palikuwa bado na wakati. Jua lilikuwa la saa nne, na baba asingerudi kabla ya adhuhuri. Ningeweza kukimbia njia ya Goma nikamlaki. Petroli ilikuwako uani, kopo zima. Fundi angejua la kufanya. Lakini kumwambia baba kulikuwa kumwambia pia kwamba ujumbe wake sikuufikisha, na kwamba jumbe zote za siku kumi nilizishona mwenyewe, kama Athumani anavyoshona suruali kutoka kitambaa cha mtu. Nilisubiri Nyogokuru atoke kwenda kuanika nguo. Nikaichukua sahani nikaipangusa kwa gauni langu, upande huu, upande ule, mpaka mng'aro ukaondoka. Ikarudi kuwa ya kijivu, kijivu cha giza kidogo. Niliigusa kwa kidole. Nikajiambia ni kavu. Nikaivingirisha tena katika gazeti lake, nikajiambia tena ni kavu.

Baba alirudi na spana na jasho. Alifungua gazeti, akaigeuza sahani mara moja kwenye mwanga. Nilikuwa nimesimama mbele yake nimekunja vidole vya miguu. Hakunusa kitu. Angenusaje? Mikono yake mwenyewe, shati lake, chai aliyokunywa asubuhi, vyote vilinukia kibuyu cha Nyogokuru. "Nyogokuru ameitunza?" aliuliza. Nikasema ameitunza sana. Akasema nimpelekee shukrani zake. Hizo nilizipeleka bila kuziosha, hazikuhitaji.

Mchana ule sikuwahi kumwona baba mzuri vile. Alikuwa amechonga kijiti kutoka tawi la mti wa kahawa, akakipiga msasa kwa kipande cha chupa mpaka kikawa na unene sawasawa na shafti ya giaboksi. Alikipitisha katikati ya sahani ili ikae mahali pake wakati wa kukaza boliti. Sahani ikikaa upande kidogo tu, giaboksi halirudi. Alikaza boliti moja moja, ya huku kisha ya kule. Akachomoa kijiti, akapachika rulma, akaizungusha kwa kidole, ikazunguka kimya. Athumani akaingia tena chini, na tumbo lake. Walisukuma, wakatukana kwa adabu kwa sababu ya mwenye kusikia sauti, wakasukuma tena, na giaboksi likaingia kwa mlio mmoja mnene, kama mlango wa benki.

"Limeingia!" Athumani akapiga kelele kutoka chini. "Limeingia kama bwana harusi!"

Baba aliliendesha jipu mtaani. Lilikwenda! Halikulia, halikuteleza, lilibadili gia kama mtu anayebadili wazo. Watoto wote walikimbia nyuma, nami mbele yao, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa sababu Mungu alikuwa amenisamehe haraka namna ile.

Siku ya mlima baba aliniruhusu nipande nyuma, juu ya magunia. Nilikuwa nimelilia hilo, nami hata sasa sijui kama nililia kwa hamu au kwa hofu. Bwana Miwani alikaa mbele na saa yake. Tuliacha ziwa nyuma, tukapita migomba, tukaanza kupanda. Barabara ilikuwa nyekundu na mbichi kwa mvua. Kona ya kwanza jipu lilipanda vizuri, na Bwana Miwani akasema kwa mshangao, "Tiens!" na baba akaketi wima zaidi. Kona ya pili injini ilianza kupaza sauti kuliko mwendo wetu. Kona ya tatu injini ilipiga kelele kabisa, na sisi tukawa tunakwenda mwendo wa mwanamke mwenye mtungi kichwani, kisha mwendo wa mtungi wenyewe.

Ndipo harufu ilipokuja. Ilianza kwa utamu.

Bwana Miwani alinusa hewa. Alitazama kulia, kwenye nyumba za wakulima, akatazama kushoto. "Nani anapika hapa?" aliuliza. Kisha moshi mweupe ukatoka katikati ya miguu yao, kwenye bamba la sakafuni, na jipu likasimama. Likaanza kurudi nyuma polepole, nikaruka chini nikatafuta jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu, na nikiwa pale chini nimeshika jiwe niliona uso wa baba.

Alikuwa amefumba macho. Alivuta pumzi mara moja, kwa pua, kama anayesikiliza. Naye akajua. Hakuna fundi duniani ambaye angejua jina la mafuta yale upesi kuliko yeye, aliyelala ndani ya harufu ile usiku kumi na tatu. Alifumbua macho akanitazama, na katika kunitazama kule alikuwa anachagua, ingawa mimi niliona ghadhabu tu.

"Ni mimi, patron," alisema. "Mikono yangu ilikuwa na mafuta. Nilishika sahani vibaya."

"We? Mikono na mafuta? Kwa sahani ya ambreyaji?" Bwana Miwani hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyepatiwa haki. "Ramazani, hata mutoto anajua."

"Ndiyo, patron. Hata mutoto."

Jipu lilivutwa na lori mpaka Goma. Mwezi uliofuata garaji ilipata fundi mkuu kutoka Bukavu, kijana, mwenye mke asiyependa nyumba ile kwa sababu saruji yake ilikuwa imepasuka mlangoni. Baba alibaki akimkabidhi spana mpaka alipochoka, akaenda kufungua mahali pa kutengenezea baiskeli nyuma ya soko. Yuko huko hadi leo, na hakuna siku niliyomsikia tena akisema naweza.

Siku ile tulishuka mlima kwa miguu, yeye mbele. Karibu na daraja la mto Sebeya alisimama, akaniuliza bila kugeuka: "Ulimwambia bibi yako?"

"Nilimwambia."

"Kama nilivyosema?"

Mto ulikuwa na kelele. Ningeweza kujifanya sikusikia. "Kama ulivyosema, baba."

Aliitikia kwa kichwa mara mbili. Nyumbani alimwambia mama kutoka dirishani kwamba amekosea, ni kosa la mikono yake, basi. Mwanamume angewezaje kusimama mbele ya mzungu aseme, mama mkwe wangu amepaka gari samli? Angewezaje hata kusema hivyo mbele ya mkewe? Alikubali kuitwa fundi mbaya. Lakini moyoni mwake, kwa sababu yangu, yule mwanamke aliyekuwa ameanza kumpenda alikuwa ameambiwa asiguse, akagusa.

Hakumkosea heshima. Tumbaku tu ndiyo iliyokoma. Jioni ya kwanza Nyogokuru alitoka, akatazama kizingiti, akarudi ndani. Jioni ya pili alitoka mara mbili. Ya tatu aliniita karibu, akashusha sauti.

"Mwana wanjye, nimemkosea nini mkwe wangu?"

"Hakuna, Nyogokuru. Baba ana kazi nyingi."

"Kile kitu alichoniachia, kilimfaa?"

"Kilimfaa sana."

Aliondoka kabla siku arobaini hazijatimia. Alisema ng'ombe wake ana mimba na majirani hawajui kukamua. Alimpaka mtoto kwa mara ya mwisho, akaacha kibuyu, akapanda mlima na fimbo na mkeka. Baba alikuwa njiani akirudi kutoka kazini. Alimwona kwa mbali, akaacha barabara akaingia kwenye nyasi kama desturi inavyotaka, na Nyogokuru akapita. Mimi nilikuwa nikimsindikiza, nimembebea mkeka. Nilikuwa katikati yao, hatua tano huku na hatua tano kule, na sikuwa na ujumbe wa mtu yeyote.

Hakushuka tena Gisenyi. Mimi nilimwendea nilipokuwa na miaka kumi na minne, mama aliponituma na sukari. Alikuwa amekuwa mdogo, amekauka, amekaa mlangoni kwenye jua. Tulizungumza habari za ndama na za shule. Kisha, bila kubadili sauti, akasema:

"Yale maneno uliyoniletea siku ile, ya kutunza kama mtoto. Hayakuwa ya baba yako."

Nikaanza kuufungua mfuko wa sukari.

"Nilijua palepale. Mtu yule hasemi hivyo. Anasema kama anayehesabu misumari." Alicheka, meno yake mawili. "Lakini nilikuwa nimeolewa kwa mtu asiyesema, nikazaa wana wasiosema, nikapata mkwe asiyesema. Nikajiambia, leo hata kama ni mtoto aliyelitunga, neno limekuja. Nisiliache lipite bure. Nikalipa nilichokuwa nacho kizuri."

Hapo mlango ulikuwa wazi. Nilichotakiwa kusema ni maneno manne au matano. Lakini nilimtazama alivyokuwa anafurahi na lile neno lake, nikaona nikimwambia samli ilifanya nini, nitamnyang'anya hata hilo. Nikasema, "Samli yako ilikuwa nzuri sana, Nyogokuru." Alikufa kabla ya masika kwisha.

Nimechelewa sana kuuelewa ule ujumbe wa kwanza, ule niliouosha. Nilidhani ulikuwa na hapana nne, na matope. Sasa najua kwamba baba, kwa mara ya kwanza tangu aoe, alikuwa amempa mama mkwe wake kitu cha thamani kuliko vyote alivyowahi kuvishika, na kumwambia sababu: siachi kwa mwingine. Zile hapana ndizo zilizokuwa mapenzi yenyewe. Fundi hamwambii mtu asiguse ila yule anayemwamini kwamba ataweza kutogusa. Neno tamu alilokuwa akilingoja Nyogokuru lilikuwa limefika, kavu kama lilivyotoka kinywani mwa mwenyewe, na mimi nikalivua, nikamletea jingine la kwangu.

Baba ni mzee sasa. Hushinda kwenye baiskeli zake, na magharibi hupita kwangu kunywa chai kabla ya sala. Mara moja moja humkumbuka. Husema, bila chuki, kama mtu anayetaja kilema cha ndugu: "Bibi yako alikuwa mwanamuke mwema, Mungu amurehemu. Ni vile tu hakusikia neno la mutu."

Na mimi, niliyekuwa kinywa chao wote wawili, humwongezea chai.